Maswali ya Wasomaji: Vyuo vya Marekani Vinapocheza Ng'ambo

Barua za toleo hili zimetoka pande zote za ziwa, na nyingi zinazunguka jambo moja. Timu za futiboli ya Kimarekani za vyuo vikuu vya huko zimekwisha kucheza Ireland, Japani na Australia. Je, Kanda ya Ziwa inaweza kupokea mechi kama hiyo, na inadai nini? Mchezo huu haucheleweshwi na ukosefu wa watazamaji. Unakwamishwa na kiwanja kilichopimwa vibaya, mizigo iliyokwama na mchezaji aliyezidiwa na joto, kwa hiyo majibu yetu yamejaa vipimo.

Ndugu wahariri, kijiweni kwetu kuna ubishi usioisha. Mmoja anadai timu ya chuo cha Marekani ilishawahi kucheza futiboli yao hapa Tanzania. Sisi wengine tunasema ni uzushi. Tuamulieni. – Msomaji, Kirumba, Mwanza

Mwenzenu ana haki. Tarehe 21 Mei 2011, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, timu ya Chuo Kikuu cha Drake kutoka jimbo la Iowa ilicheza na kikosi cha nyota wa CONADEIP, umoja wa michezo wa vyuo binafsi vya Meksiko. Drake walishinda 17 kwa 7. Mechi iliitwa Global Kilimanjaro Bowl, na baada yake Wamarekani wale walipanda Mlima Kilimanjaro.

Tazameni tarehe hiyo, kwa sababu ina maana kubwa kuliko matokeo. Msimu wa vyuo Marekani huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika Januari. Mei si msimu. Drake walikuja kwa utaratibu wa ziara ya nje, ambao chama cha michezo ya vyuo, NCAA, hukiruhusu chuo kuutumia mara moja katika miaka minne. Mechi ya ziara haiingii kwenye msimamo wa ligi, haihitaji mkataba mkubwa wa televisheni, na mpinzani anaweza kutoka nchi nyingine yoyote inayojua mchezo.

Aina ya pili ni mechi ya msimu yenyewe kuhamishiwa ng'ambo, na hii ndiyo mnayoisikia zaidi. Mwaka 1976 Grambling State na Morgan State walicheza Tokyo, na kwa miaka mingi baadaye mji huo uliendelea kupokea mechi za vyuo. Dublin ilianza mwaka 1988, Boston College walipowafunga Army 38 kwa 24. Mwaka 2012 Notre Dame waliwalaza Navy 50 kwa 10 katika jiji hilohilo, na tangu 2022 Dublin imekuwa na mechi kila mwaka. Sydney ilipata California dhidi ya Hawaii mwaka 2016, 51 kwa 31. Wala desturi hii si ya juzi: siku ya Krismasi ya mwaka 1907 timu ya Louisiana State ilikwenda Havana, Kuba, ikakifunga Chuo Kikuu cha Havana 56 kwa 0.

Chuo kinachokubali kuhamisha mechi yake ya nyumbani hupoteza mapato ya viingilio, maegesho na vyakula vya siku nzima. Mwandaaji wa ng'ambo lazima alifidie pengo hilo, na Dublin hulifidia kwa sababu maelfu ya mashabiki huvuka bahari na kulala hotelini. Kwa maoni yetu, Mwanza isianze kwa kuota mechi ya Dublin. Iombe ziara ya aina ya Arusha, chuo kidogo, mwanzoni mwa Juni. Mwezi huo wanafunzi wao wako likizo, na huku kwetu masika yameshapita na kiwanja kimekauka.

Shikamooni. Mimi ni mwalimu wa michezo. Tuna kiwanja cha kandanda cha mita 105 kwa 68. Nimeambiwa futiboli ya Kimarekani inahitaji kiwanja chake maalumu. Je, hiki chetu hakifai kabisa? Naomba vipimo, si maneno ya jumla. – Mwalimu, Ilemela

Marahaba, Mwalimu. Kinafaa kwa upana, kinapungua kwa urefu.

Kiwanja kamili kina yadi 120 kwa yadi 53 na theluthi moja, yaani mita 109.73 kwa 48.77. Upana wako wa mita 68 unabakiza zaidi ya mita 9 kila upande, panapotosha kabisa kwa mabenchi na waamuzi. Kwa urefu unapungukiwa mita 4.73. Ukiugawa upungufu huo, kila mwisho utatoka nje ya mstari wa goli la kandanda kwa mita 2.37, na bado unahitaji angalau mita 4 nyingine za ardhi laini ili mtu anayekimbia kwa kasi apate pa kusimama. Kwa hiyo ng'oa magoli ya kandanda, kisha tembea na futi kamba hadi kwenye mtaro, ukuta au nguzo ya kwanza. Mita 6.5 kutoka mstari wa goli zikiwa safi, una kiwanja kamili.

Zisipotimia, usibane nafasi ya usalama. Punguza maeneo ya mwisho, yale mawili ambamo pointi 6 hupatikana. Kwa kanuni kila moja lina kina cha yadi 10, sawa na mita 9.14. Yakiwa ya yadi 7, yaani mita 6.40, urefu wote unashuka hadi mita 104.24 na unaingia ndani ya kiwanja chako. Timu zote mbili ziandikiwe mapema na zikubali, kwa sababu pasi fupi za karibu na goli hubadilika kabisa eneo likipungua. Hata Marekani mambo haya hutokea: mwaka 2010 Illinois na Northwestern walicheza Chicago katika uwanja wa besiboli wa Wrigley Field, na kwa kuwa mwisho mmoja ulikuwa karibu mno na ukuta, washambuliaji wa timu zote walielekezwa upande mmoja tu.

Sasa kupiga mistari. Anza na pembe moja. Hakikisha ni mraba kwa kupima mita 9 upande mmoja, mita 12 upande wa pili, na kati ya ncha hizo mbili zipatikane mita 15 kamili. Ukishapata pembe zote nne, pima kona kwa kona. Kiwanja kamili lazima kitoe mita 120.08 kwa mishazari yote miwili. Ikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 5, rudia kabla hujagusa rangi.

Mistari ya kuvuka hukaa kila baada ya yadi 5, ambazo ni mita 4.572. Hapa ndipo wengi huharibu. Mtu anapima mita nne na nusu, anaweka kigingi, anahamisha futi kamba, anapima tena nne na nusu. Akifika mstari wa goli la pili amekosa karibu mita moja na nusu, na timu moja inacheza kiwanja kifupi kuliko mwenzake. Laza futi kamba mara moja kutoka mstari wa goli na usome jumla: 4.57, 9.14, 13.72, 18.29, 22.86, 27.43, 32.00, 36.58, 41.15, na 45.72 ambayo ndiyo katikati. Kisha geukia mstari wa goli la pili ufanye vivyo hivyo. Ukikutana katikati na tofauti ya vidole viwili, umefanya vizuri.

Ukishamaliza hiyo, weka alama fupi za ndani, kila moja ya sentimita 61, kwa kila yadi. Kwa vyuo zinakaa mita 18.29 kutoka kila mstari wa pembeni, na kati yake kuna mita 12.19. Usinakili kiwanja cha NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, ulichokiona kwenye televisheni: kule alama hizo zimekaribiana zaidi, na ukizikosea, mpira wa kila jaribio utawekwa mahali pasipo pake.

Rangi: mistari mikuu yote ikiunganishwa ina takriban mita 1,340, na kwa upana wa sentimita 10 hiyo ni karibu mita za mraba 134. Kwa makadirio, rangi nyeupe ya maji ndoo moja ya lita 20 itatosha mkono wa kwanza, na nyingine iwe ya kurudia siku moja kabla ya mechi. Usitumie chokaa ya kujengea. Katika mchezo huu kila baada ya sekunde chache mtu anaangushwa kifudifudi, na chokaa hiyo huunguza ngozi na macho, hasa ikikutana na jasho. Kama ni nyasi bandia, kama zile za Nyamagana, pata kwanza idhini ya wenye uwanja na utumie rangi inayooshwa. Rangi ya ukutani ikishakaukia pale haitoki.

Nguzo za goli fundi wa kuchomelea anaziweza. Upana wa ndani kati ya nguzo ni mita 5.64, mti wa mlalo uko mita 3.05 kutoka chini, na nguzo zinapanda hadi mita 9.14. Zinasimama kwenye mstari wa nyuma kabisa, si kwenye mstari wa goli. Kwa umbo la herufi H, kila nguzo inahitaji mita 9.14 za juu na mita 1.2 za kuzikwa kwenye zege, jumla mita 10.34. Mabomba ya chuma dukani huja ya mita 6, hivyo hesabu mawili kwa kila nguzo, moja likiingia ndani ya jingine kwa angalau nusu mita kabla ya kuchomelewa. Nguzo nne ni mabomba 8, na miti ya mlalo 2: mabomba 10. Funga godoro la sponji kuzunguka kila nguzo kutoka chini hadi mita 1.83, na juu kabisa ning'iniza utepe wa kitambaa wa sentimita 10 kwa 107. Utepe huo ni kazi, si pambo. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu, na mpiga teke anautazama kabla ya kuamua.

Viguzo laini vya pembeni vinahitajika 12, rangi ya chungwa, sentimita 10 kwa 10 kwa 46. Fundi wa magodoro atavikata kwa saa moja. Kwa kupimia yadi 10 tumia mnyororo wa mita 9.144 wenye fimbo mbili. Kamba ya manila haifai kwa kuwa ikivutwa hurefuka, na mechi inaweza kuamuliwa kwa upana wa kiganja.

Nina kibanda umiza Igoma. Wateja wangu ni wa Ligi Kuu ya Uingereza, lakini vijana wawili watatu wanaomba niwaonyeshe mechi ya Dublin. Itaanza saa ngapi kwetu? – Mfanyabiashara, Igoma

Mwezi Agosti sisi tuko mbele ya Dublin kwa saa mbili. Mechi za 2024 na 2025 zilianza saa kumi na moja jioni za kule, ambayo kwetu ni saa moja usiku. Ile ya 2023 ilichelewa, ikaanza saa tatu na nusu usiku wetu. Tatizo lako liko hapa: mechi ya jioni ya Ligi Kuu ya Uingereza siku ya Jumamosi huanza saa moja na nusu usiku, na ya Dublin huchukua zaidi ya saa tatu. Bila skrini ya pili utawaudhi wengi kwa ajili ya wachache.

Kwa mechi zinazochezwa Marekani kwenyewe, saa sita mchana za New York ni saa moja usiku kwetu hadi mwisho wa Oktoba. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha saa zao nyuma, na mechi hiyohiyo inakuwa saa mbili usiku. Zile za usiku wao usizihangaikie, huanza kwetu saa nane au tisa za usiku wa manane.

Mimi ni muuguzi. Timu ya watu 60 wenye miili mikubwa, waliovaa makofia na mapedi, ikija kucheza kwenye jua letu, kitengo cha afya kijiandae na nini kwanza? – Muuguzi, Musoma

Dada muuguzi, joto kwanza, kichwa na shingo pili, ziwa na mbu tatu.

Joto la mchana la mwambao wetu si la kutisha kwa mtu aliyevaa fulana. Mchezaji wa safu ya mbele ana kilo 130, amefunikwa kichwa, mabega na mapaja, na jasho lake halina pa kukaukia. Dalili ya hatari ni kuchanganyikiwa: anajibu ovyo, anayumba, anakuwa mkali bila sababu, huku mwili umepanda kupita nyuzi 40. Wengi hukosea hapa kwa kumkimbiza hospitali akiwa bado anawaka. Mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Andaa simtanki la lita 1,000 lililokatwa nusu, lijazwe maji na barafu kabla ya mechi kuanza, likae kivulini hatua chache kutoka benchi. Mvue kofia na pedi, mtumbukize hadi kifuani, watu wawili wamshike kwapani asizame, koroga maji muda wote, na mtoe joto likishuka hadi karibu nyuzi 39. Barafu Mwanza haisumbui, viwanda vya samaki vinaitengeneza kwa tani. Hiyo iwe ya kuogeshea tu. Ya vinywaji itoke kwenye maji safi ya kunywa.

Wanaotoka kwenye baridi wasivae vifaa vyote siku ya kwanza ya mazoezi. Siku mbili za mwanzo kofia tu, mbili zinazofuata kofia na pedi za mabega, kisha vyote. Hiyo pekee inadai timu iwasili si chini ya siku sita kabla ya mechi. Muda huohuo utawasaidia na usingizi, kwa sababu tofauti ya saa kati ya pwani ya mashariki ya Marekani na sisi ni saa 7 katika majira yao ya joto. Dublin tofauti ni saa 5, ndiyo maana timu huko huweza kutua Alhamisi na kucheza Jumamosi. Kwetu hilo lisijaribiwe.

Kuhusu kichwa, kanuni ni fupi: aliyegongwa akaduwaa, akatapika au akasahau alama za mchezo, harudi kiwanjani siku hiyo hata kocha akilia. Ukishuku shingo imeumia, usimvue kofia. Kofia na pedi za mabega zimeiweka shingo katika mstari mmoja, na ukivua kofia peke yake kichwa kinaangukia nyuma. Fungua wavu wa usoni tu ili ufikie kinywa na pua. Unafungwa kwa skrubu, kwa hiyo kwenye begi lako la huduma ya kwanza kuwe na bisibisi ya betri na ya mkono, na mkasi mgumu wa kukatia vishikizo skrubu zikiwa na kutu. Fanya zoezi hilo na daktari wa timu siku moja kabla, kwa kofia zao, maana kila aina ina skrubu zake.

Ziwa: wageni watataka kuoga, hasa wakiona watoto wanaruka majini. Wazuieni kwa upole lakini bila kulegeza. Kichocho kipo mwambao wote, na mtu huambukizwa kwa kugusa tu maji yenye konokono wanaokibeba. Dawa ya kuzuia malaria waanze kwao kwa ushauri wa daktari wao. Wakipewa doksisaiklini waelezwe kwamba huifanya ngozi iungue kwa jua haraka, jambo baya kwa mtu anayefanya mazoezi saa saba mchana. Vyandarua visikosekane hotelini.

Mizigo ya timu kama hiyo inapitaje forodhani? Nina kampuni ndogo ya usafirishaji. – Msomaji, Bukoba

Hesabu kilo 10 za vifaa kwa kila mchezaji pamoja na begi. Wachezaji 60 ni kilo 600, bado mipira, meza za matibabu, redio na jezi za akiba. Vifaa vinavyokuja na kurudi huingizwa kwa utaratibu wa uingizaji wa muda, si kama bidhaa za kuuza. Andaa orodha yenye idadi, maelezo na namba za vifaa vya umeme, iwe ileile wakati wa kuingia na kutoka. Kofia moja ikiachwa zawadi shuleni bila kuandikwa, orodha ya kutoka haitalingana na mtashikwa. Zawadi zitengewe orodha yake tangu mwanzo.

Wenyeji wapate kibali cha Baraza la Michezo la Taifa mapema. Redio za makocha hutumia masafa, kwa hiyo ulizeni TCRA kabla, si siku ya mechi. Betri za lithiamu za akiba hazisafiri kwenye shehena, zinabebwa na abiria. Na kofia za wachezaji pia tungependa zije na wenyewe badala ya kutangulizwa, kwa sababu kila moja imepimwa kwa kichwa cha mwenyewe. Jezi ikichelewa mtaazima, kofia haiazimwi.

Futiboli ya vyuo na ya NFL, tofauti ni nini kwa mtazamaji? – Mwanafunzi, Nyegezi

Majaribio manne ya kusogea yadi 10, pointi 6 kwa tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani, na 3 kwa teke la kupita kati ya nguzo ni sawa kote. Chuoni mdaka pasi akikanyaga ndani kwa mguu mmoja inatosha, NFL anadaiwa miwili. Chuoni mwenye mpira akigusa chini kwa goti, hata bila kuguswa na mtu, mchezo umekwisha pale. NFL anaweza kuinuka na kuendelea kama hakuguswa. Wakitoka sare, vyuo havichezi robo nyingine: kila timu inapewa mpira yadi 25 kutoka goli la mwenzake, na kuanzia mzunguko wa tatu wanapeana zamu za jaribio moja moja la kufunga la pointi 2 hadi mmoja apate na mwenzake akose. Kwa mgeni wa mchezo huu, dakika hizo ndizo rahisi kuzielewa na ndizo tamu kuliko zote.

Hatuna kofia wala pedi, na hatutazipata. Wanafunzi wangu, wavulana na wasichana, wameona mchezo kwenye simu na wanataka kuucheza. Wameanza kuangushana uwanjani na mmoja ameteguka bega. Niwakataze? – Mwalimu, Nansio, Ukerewe

Wakataze kuangushana leo hii, Mwalimu, na kesho wafundishe futiboli ya bendera. Haina kukabana wala kusukumana. Kila mchezaji huvaa mkanda wenye vitambaa viwili kiunoni, na kukichomoa kimoja ndiko kumsimamisha mwenye mpira. Itachezwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, wanaume na wanawake, watano kwa watano.

Uwanja wake ni yadi 70 kwa 25 pamoja na maeneo ya mwisho ya yadi 10 kila upande, yaani mita 64 kwa 22.9. Ukiulaza kwa upana wa kiwanja cha kandanda cha mita 68, unaingia na kubakiza mita 2 kila mwisho. Kwenye urefu wa mita 105 unapata viwanja vitatu vilivyoachana mita 9 hivi, na wanafunzi 30 wanacheza kwa wakati mmoja. Kama upana wa kiwanja chenu haufiki mita 68, fupisheni sehemu ya kati, msipunguze nafasi ya kusimamia.

Kila timu ina majaribio manne ya kuvuka katikati, kisha manne mengine ya kufunga. Vipindi viwili vya dakika 20. Anayetaka kumkimbilia mrusha mpira aanzie yadi 7 nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo, mita 6.4, mpige alama kwa kiatu. Mpira ukigusa chini mchezo umesimama, na hilo peke yake huondoa zile rundo la watu zinazovunja mabega. Tachidauni ni pointi 6. Nyongeza ya baada ya tachidauni kutoka yadi 5 ni pointi 1, kutoka yadi 10 ni 2.

Vitambaa mshone wenyewe: urefu sentimita 38, upana 5, rangi isiyofanana na bukta. Mkanda uwe wa lastiki, na kitambaa kishikwe kwa kipande cha velkro cha sentimita 5. Kitambaa kisifungwe fundo wala kushonewa mkandani, kwa sababu mkimbizaji atavutwa kwa nguvu na kuanguka kisogo. Bukta zenye mifuko zipigwe marufuku au mifuko ishonwe, vidole hunasa humo na kuvunjika. Fulana zichomekwe ndani zisifunike vitambaa.

Mpira wa raga msiutumie kwa kurushia. Ni mnene, mzingo wake katikati unafika sentimita 58 hadi 62, wakati wa Kimarekani ni kama 53, na mkono wa mtoto hauushiki. Kwa wenye umri chini ya miaka 14 tafuteni ule mdogo wa vijana. Vidole viwili au vitatu vikae juu ya nyuzi za mshono, kidole gumba chini, na mpira utoke ukizunguka kwa kidole cha shahada kuwa cha mwisho kuuacha. Ukitoka ukiyumbayumba, mara nyingi mtoto ameushika katikati mno. Asogeze mkono nyuma kwa upana wa vidole viwili na ajaribu tena kutoka mita 5 kabla ya kwenda 10.